Spishi mpya ya uyoga wa kuliwa inavyotambuliwa, inavyoainishwa na kupewa jina

Spishi mpya ya uyoga ni ile ambayo bado haijaelezwa wala kupewa jina kwa kufuata kanuni za kimataifa zinazotawala majina ya kuvu. Upya huo hauna maana kwamba uyoga wenyewe umezuka jana, wala kwamba hakuna aliyeufahamu. Mara nyingi ni uyoga ambao wanavijiji wameuchuma, wameupika na kuuza kwa vizazi vingi, na wana jina lake katika lugha yao. Kinachokosekana ni ushahidi ulioandikwa na kuhifadhiwa, unaomwezesha mtu yeyote, popote alipo, kuhakiki kwamba uyoga huo ni tofauti na spishi nyingine zote zinazojulikana.

Pengo hilo ni kubwa duniani kote. Ripoti ya bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, iliyotolewa mwaka 2023, ilikadiria kuwa dunia ina spishi za kuvu zipatazo milioni 2.5, ilhali zilizokwisha kupewa majina ni takriban 155,000. Maana yake ni kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi bado hazina jina. Afrika ya kitropiki ni miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa kidogo zaidi, na nchi yenye misitu ya milimani, mbuga za vichuguu na mashamba ya mikaratusi kama Rwanda ina mengi ya kuchangia.

Uyoga wenye sumu na ule wa kuliwa huweza kufanana hata mtu mzoefu akakosea. Jina linalopatikana kwa ushahidi ndilo linalomwezesha mtafiti wa lishe, daktari wa hospitali, mkulima na mteja wa soko la Kimironko jijini Kigali kuwa na hakika kwamba wanazungumzia kitu kimoja.

Uyoga wa porini wa Rwanda na mazingira yake

Uyoga tunaouona ni sehemu ndogo tu ya kiumbe chenyewe. Kiumbe hasa ni utando wa nyuzi nyembamba ulioenea ndani ya udongo, gogo au majani yanayooza. Mvua inaponyesha na joto likafaa, utando huo hutoa uyoga ili usambaze spora, yaani chembe ndogo zinazofanya kazi ya mbegu. Ndiyo maana nchini Rwanda uyoga hutafutwa zaidi katika misimu miwili: mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua fupi za Septemba hadi Desemba.

Namna kuvu inavyojipatia chakula ndiyo inayoamua mahali inapoota. Kundi la kwanza huozesha mabaki ya mimea. Humo umo uyoga wa jenasi Pleurotus, unaoota kwenye magogo, pamoja na Auricularia, ambao ni laini na una umbo la sikio. Kundi la pili huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti: kuvu huupa mti maji na madini, nao mti huilipa kwa sukari. Kundi la tatu ni jenasi Termitomyces, ambayo hulimwa na mchwa ndani ya vichuguu.

Utafiti uliofanywa Rwanda na Burundi na kuchapishwa mwaka 2016 na Jérôme Degreef pamoja na wenzake ulionyesha jinsi mazingira yanavyotofautisha mavuno. Burundi ina misitu ya miombo, ambayo miti yake hushirikiana na kuvu nyingi za mizizi, na huko ndiko kwenye aina nyingi zaidi za uyoga unaoliwa. Misitu ya milimani ya Rwanda ina aina chache zaidi, lakini nyingi kati ya hizo ni za kundi linaloozesha miti, na kundi hilo ndilo rahisi kulimwa. Mashamba ya mikaratusi nayo yana uyoga wake, kwa kuwa miti iliyoletwa kutoka ng'ambo huja na kuvu zake.

Kwa hiyo mtafiti anayetafuta spishi mpya nchini Rwanda huwa na maeneo kadhaa ya kuchagua. Msitu wa Nyungwe, kusini-magharibi, una ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000 na mwaka 2023 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaskazini kuna Hifadhi ya Volkano, magharibi kuna Gishwati-Mukura, na mashariki kuna nyanda za Akagera.

Kibali kabla ya kikapu

Kazi huanzia ofisini. Utafiti nchini Rwanda huhitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kuingia katika hifadhi kuchukua sampuli kunahitaji ruhusa ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda. Taasisi zote mbili zina makao yake Kigali. Rwanda pia ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuridhia Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014. Itifaki hiyo inataka nchi inayotoa rasilimali za viumbe, pamoja na jamii zenye maarifa juu yake, zishirikishwe na zipate mgawo wa haki wa faida itakayotokana nazo.

Sharti hilo lina uzito katika uyoga. Mtu akitenga utando wa uyoga wa Nyungwe, akaupeleka ng'ambo na kuugeuza kuwa mbegu ya biashara, thamani yake yote inaweza kuondoka nchini ndani ya mrija mmoja wa kioo. Hati za kibali na makubaliano ya maandishi ndizo kinga.

Kukusanya sampuli

Uyoga huharibika haraka, wakati mwingine ndani ya saa chache. Sifa nyingi zinazotofautisha spishi hupotea kabisa ukishakauka: rangi, harufu, utelezi wa kofia, utomvu. Kwa sababu hiyo uyoga usio na maelezo ya shambani hauna faida kubwa kwa sayansi, hata ukihifadhiwa vizuri namna gani.

Mkusanyaji huupiga picha uyoga ukiwa bado mahali ulipoota, juu, chini na ubavuni, kisha huuchimbua mzima bila kuukata. Tako la shina ni muhimu. Uyoga wa jenasi Amanita, ambao baadhi ya spishi zake huua, una mfuko unaozunguka tako na kufichwa na udongo. Anayekata shina juu ya ardhi huuacha nyuma ushahidi huo. Uyoga wa Termitomyces nao kwa kawaida una mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye bustani ya mchwa, na mzizi huo ni mojawapo ya alama zake kuu.

Maelezo huandikwa papo hapo: tarehe, mahali kwa vipimo vya satelaiti, mwinuko, aina ya msitu, mti ulio karibu, na kama uyoga umeota ardhini, kwenye gogo au juu ya kichuguu. Hupimwa upana wa kofia na urefu wa shina. Hukatwa nusu kwa urefu ili kuona kama nyama yake inabadilika rangi, kwani kuna uyoga ambao hugeuka buluu au mwekundu mara unapoguswa na hewa. Hukusanywa mchanga na mkomavu pamoja, maana umbo hubadilika sana kadiri uyoga unavyokua.

Baadaye, kofia ya uyoga mkomavu hulazwa juu ya karatasi na kufunikwa kwa saa kadhaa au usiku kucha. Chini ya kofia za uyoga mwingi kuna matamvua membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, na humo ndimo spora hutengenezwa. Spora hizo huanguka na kuacha chapa kwenye karatasi. Rangi ya chapa ni miongoni mwa sifa za kuaminika: nyeupe, waridi, kahawia, zambarau iliyokoza, nyeusi, na katika spishi chache, kijani.

Kipande kidogo cha nyama hutengwa kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba. Uyoga uliobaki hukaushwa kwa hewa vuguvugu, si kwa moto mkali unaoharibu vinasaba, kisha hutiwa katika bahasha yenye namba. Namba hiyo ndiyo itakayounganisha picha, maelezo, chapa ya spora, vinasaba na jina la baadaye.

Maarifa ya wachumaji

Katika utafiti wa uyoga wa kuliwa, wachumaji ni chanzo cha ushahidi kama ulivyo msitu. Wao ndio wanaojua uyoga upi huliwa, upi huchemshwa na maji yake kumwagwa, upi hukaushwa, na upi ambao wazee walikataza. Mtafiti mwangalifu huwauliza watu wengi kwa nyakati tofauti, kila mmoja akiwa mbele ya uyoga wenyewe badala ya picha, na huandika majina ya Kinyarwanda au ya lugha yoyote inayotumika. Jina moja la kienyeji huweza kubeba spishi tatu, na spishi moja huweza kuwa na majina manne katika vilima vinavyotazamana, hivyo jina la kienyeji huambatanishwa na sampuli yenye namba.

Njia hiyo imezaa matunda mazuri Afrika Mashariki na Kati. Nchini Burundi, mwaka 1994, Bart Buyck alichapisha kitabu juu ya uyoga unaoliwa magharibi mwa nchi hiyo. Mwaka uliofuata yeye na Benoît Nzigidahera walichapisha maarifa ya wenyeji wa eneo hilohilo. Nchini Tanzania, Marja Härkönen kutoka Finland na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya miaka mingi na wanavijiji, iliyozaa kitabu cha uyoga wa Tanzania mwaka 2003. Wachumaji, ambao wengi wao ni wanawake, ndio waliowaonyesha watafiti pa kutazama.

Hadubini na vitabu

Hatua inayofuata ni kujua kama uyoga huo tayari una jina. Kazi hii ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kuthibitisha upya ni kuthibitisha kwamba hakuna aliyetangulia.

Chini ya hadubini hupimwa spora nyingi, kwa kawaida zaidi ya 20, kwa urefu na upana. Vipimo vyake ni vya mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita, na spora nyingi huwa kati ya mikroni 5 na 15. Hutazamwa kama ni laini au zina miiba na mikunjo. Hutazamwa pia seli zinazozibeba, ambazo kwa kawaida huwa na spora nne nne, pamoja na seli tasa zilizo kando yake na ngozi ya kofia. Kisha hutiwa tone la dawa yenye iodini. Spora za baadhi ya jenasi hugeuka buluu iliyokoza, za nyingine hugeuka kahawia nyekundu, na nyingine hazibadiliki. Jibu hilo dogo la kikemia huweza kuondoa maelfu ya spishi katika orodha ya kulinganisha.

Vitabu vya kulinganishia vipo, ingawa vingi vina umri mkubwa. Kwa Afrika Mashariki, kazi ya David Pegler wa Kew juu ya uyoga wenye matamvua, iliyotoka mwaka 1977, bado hufunguliwa. Kwa Kongo kuna mfululizo mkubwa wa vitabu vya picha za kuvu ulioanza kuchapishwa Ubelgiji mwaka 1935, na ambao sehemu kubwa ya picha na sampuli zake za awali ilitokana na kazi ya Bi. Goossens-Fontana, aliyechora uyoga akiwa Kongo. Sampuli nyingi za zamani kutoka Rwanda, Burundi na Kongo zimehifadhiwa katika Bustani ya Mimea ya Meise, karibu na Brussels. Nchini Rwanda kwenyewe, hebaria ya taifa iko Huye, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Hebaria ni ghala la sampuli zilizokaushwa, kila moja ikiwa na maelezo yake.

Hapa mtafiti wa Afrika hukutana na kikwazo. Mara nyingi wataalamu wa zamani waliupa uyoga wa Afrika majina ya spishi za Ulaya kwa sababu tu ya kufanana kwa macho. Kwa hiyo kuona jina katika orodha ya nchi hakutoshi; ni lazima kuirudia sampuli yenyewe iliyoitwa kwa jina hilo.

Ushahidi wa vinasaba

Tangu mwaka 2012 wataalamu wa kuvu wamekubaliana kutumia sehemu moja ya vinasaba, iitwayo ITS, kuwa alama ya kwanza ya kutambulisha spishi. Sehemu hiyo ina urefu wa takriban herufi 500 hadi 700 za kikemia. Husomwa maabara, kisha hulinganishwa na mamilioni ya mifuatano iliyowekwa katika hazina za wazi za kimataifa.

Matokeo yanahitaji hekima kuyasoma. Mfuatano ukilingana kabisa na wa spishi inayojulikana, huenda jawabu limepatikana, mradi sampuli iliyotoa mfuatano ule ilitambuliwa sawasawa. Ukitofautiana kwa zaidi ya asilimia tatu hivi, hiyo ni dalili nzuri ya spishi nyingine, lakini kiwango hicho si sheria. Kuna spishi zinazotofautiana kidogo sana katika ITS, na nyingine zenye tofauti kubwa ndani ya spishi moja. Kuhusu Afrika kuna tatizo la ziada: spishi nyingi zilizopewa majina zamani hazina mfuatano wowote katika hazina hizo. Uyoga usiolingana na chochote huenda ukawa mpya, au ukawa spishi ya mwaka 1928 ambayo hakuna aliyeisoma vinasaba. Hivyo jibu la kompyuta pekee halitoshi kutangaza spishi mpya.

Ndiyo maana husomwa sehemu mbili, tatu au zaidi za vinasaba, kutoka sampuli kadhaa zilizookotwa mahali tofauti. Mifuatano hiyo hujengewa mti wa ukoo. Sampuli zinazodhaniwa kuwa mpya zikikaa pamoja katika tawi lake, mbali na spishi jirani, katika kila sehemu ya vinasaba iliyosomwa, na zikawa na sifa za macho au za hadubini zinazozitofautisha, dai la upya linasimama.

Nguvu ya njia hii ilionekana mwaka 2014, pale Bryn Dentinger na Laura Suz wa Kew walipochunguza pakiti ya uyoga mkavu wa Kichina iliyonunuliwa dukani London. Katika vipande 15 walikuta spishi tatu za jenasi Boletus ambazo hazikuwa na jina la kisayansi. Uyoga huo ulikuwa umevunwa, umekaushwa, umesafirishwa na kuliwa na watu wengi bila sayansi kuutambua.

Kuainisha: kila kiumbe na ukoo wake

Kuainisha ni kuiweka spishi mahali pake katika mpangilio wa viumbe: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Kuvu zina himaya yake peke yake. Zamani zilihesabiwa kuwa mimea, lakini mwaka 1969 Robert Whittaker alipendekeza mpangilio wa himaya tano uliozitenga, na baadaye vinasaba vilionyesha kwamba ziko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea.

Uyoga wa vichuguu hutoa mfano ulio karibu na msomaji. Uko katika himaya ya kuvu, faila Basidiomycota, ngeli Agaricomycetes, oda Agaricales, familia Lyophyllaceae na jenasi Termitomyces. Jenasi hiyo iliundwa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Kabla yake, spishi zake zilikuwa zimetawanyika katika jenasi mbalimbali, kwa kuwa wataalamu walitazama umbo la kofia bila kuzingatia kwamba zote zinategemea mchwa. Ndani ya jenasi hii moja kuna Termitomyces microcarpus, wenye kofia ya sentimita moja au mbili na unaochomoza kwa mamia, na pia Termitomyces titanicus, wenye kofia inayoweza kufikia upana wa mita moja. Huo wa pili uliuzwa kando ya barabara nchini Zambia muda mrefu kabla ya Pegler na Piearce kuueleza kisayansi mwaka 1980.

Uainishaji hubadilika ushahidi unapoongezeka. Mwaka 2008 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walieleza Cantharellus fistulosus, spishi mpya kutoka Tanzania yenye shina lililo wazi ndani. Mwaka 2012 yeye na wenzake walipendekeza kundi moja la uyoga wa Afrika wa ukoo huo lipewe jenasi yake, Afrocantharellus. Wataalamu wengine wanaona kundi hilo linapaswa kubaki sehemu ya jenasi Cantharellus. Mabishano ya namna hiyo ni afya ya sayansi: kila upande huweka sampuli na mifuatano yake mezani, na wasomaji hupima.

Kutoa jina

Majina ya kuvu hutawaliwa na kanuni za kimataifa zinazohusu pia mimea na mwani. Jina la spishi lina maneno mawili kwa umbo la Kilatini: la kwanza ni jenasi, la pili ni la spishi yenyewe. Neno la pili huweza kutaja sifa, mahali au mtu anayeheshimiwa. Si desturi njema mtu kuipa spishi jina lake mwenyewe.

Ili jina likubalike, masharti kadhaa hutimizwa. Lazima kuwe na maelezo yanayoonyesha tofauti ya spishi hiyo na nyingine. Hadi mwisho wa mwaka 2011 maelezo hayo yalilazimika kuwa ya Kilatini, lakini tangu 1 Januari 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Lazima ichaguliwe sampuli moja ya kielelezo, na hebaria inayoitunza itajwe. Tangu 1 Januari 2013, lazima jina liandikishwe katika mojawapo ya rejesta zinazotambuliwa, kama MycoBank au Index Fungorum, na namba yake itolewe. Mwisho, yote hayo lazima yachapishwe hadharani.

Sampuli ya kielelezo ndiyo nguzo ya jina. Miaka 100 baadaye, mtu akitilia shaka maana ya jina hilo, atairudia sampuli ileile. Inapowezekana, sehemu yake huwekwa katika hebaria ya nchi ilikotoka na sehemu nyingine katika hebaria ya ng'ambo, ili moto au uzembe wa mahali pamoja usiufute ushahidi. Kwa Rwanda, kuwa na vielelezo Huye kunamwondolea mwanafunzi wa Kigali ulazima wa kusafiri hadi Ulaya kuutazama uyoga wa kwao.

Jina haliufanyi uyoga uwe chakula

Spishi mpya ikishapata jina, swali la kuliwa linabaki peke yake. Ukoo hutoa dalili tu: Termitomyces ni jenasi yenye sifa njema ya chakula, lakini jenasi nyingi huchanganya wa kuliwa na wa sumu. Amanita ina spishi zinazoliwa katika nchi za miombo, na ina Amanita phalloides, inayosababisha vifo vingi duniani. Sumu yake hushambulia ini. Mtu huweza kukaa saa 6 hadi 24 bila dalili yoyote, akatapika na kuharisha, akadhani amepona, kumbe ini linaharibika.

Katika Afrika Mashariki, uyoga unaodanganya wengi ni Chlorophyllum molybdites. Ni mkubwa, mweupe wenye magamba ya kahawia, huota kwenye nyasi za bustani na viwanja, na hufanana na uyoga mzuri wa kuliwa. Tofauti yake iko kwenye chapa ya spora, ambayo ni ya kijani. Anayeula hutapika na kuharisha ndani ya saa chache.

Imani zinazosikika mitaani hazina msingi. Uyoga ulioliwa na wadudu au konokono si lazima uwe salama kwa mtu. Kijiko cha fedha, kitunguu au mchele vikichemshwa na uyoga havibadiliki rangi kwa sababu ya sumu. Kupika hakuziondoi sumu za Amanita phalloides. Ushahidi unaokubalika kuwa spishi fulani huliwa ni historia ndefu ya matumizi kwa watu wengi, iliyounganishwa na sampuli iliyotambuliwa, pamoja na uchunguzi wa maabara wa sumu na wa metali nzito, maana baadhi ya uyoga hufyonza madini hatari kutoka udongo uliochafuliwa.

Kutoka msituni hadi shambani

Faida kubwa ya kuitambua spishi ya kuliwa ni uwezekano wa kuilima. Kundi linaloozesha mimea ndilo linalokubali kwa urahisi. Kipande cha nyama safi kutoka ndani ya uyoga huwekwa katika chombo chenye virutubisho, utando hukua, na kutoka hapo hutengenezwa mbegu inayopandwa kwenye mabaki ya mazao. Uyoga wa mizizi ni mgumu zaidi, kwa kuwa unahitaji mti ulio hai. Termitomyces bado inamtegemea mchwa, mkulima aliyeitunza kwa takriban miaka milioni 30.

Rwanda ina msingi wa kuanzia. Wakulima wengi wamezoea kununua mifuko iliyokwisha kupandwa mbegu, ijulikanayo kwa Kinyarwanda kama imigina, na kuitunza katika vyumba vidogo nyumbani. Kituo cha kilimo cha ushirikiano wa China na Rwanda kilichoko Rubona, Huye, kimefundisha kilimo cha uyoga kwa kutumia majani ya juncao. Mjini Kigali, kampuni ya Kigali Farms ya Laurent Demuynck ilijikita katika kuzalisha uyoga kwa soko, na Demuynck mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wa utafiti wa Degreef wa mwaka 2016 uliotajwa mwanzoni. Katika utafiti huo, tando za uyoga wa mwituni wa eneo hili zilitengwa na kufugwa. Hilo lina maana kubwa kwa mkulima: aina iliyokulia katika baridi na unyevu wa milima ya Rwanda huweza kumfaa kuliko mbegu iliyoagizwa kutoka mbali.

Kilimo pia hupunguza uchumaji katika hifadhi, ambako kukusanya mazao ya msitu bila ruhusa ni kosa. Lakini msitu ukitoweka, hakuna utando wa kutenga wala spishi ya kugundua. Kutunza Nyungwe na Gishwati-Mukura ni kutunza pia hazina ya mbegu ambazo bado hazijafunguliwa.

Kazi yote hii inahitaji watu kuliko inavyohitaji mashine. Usomaji wa vinasaba unazidi kuwa nafuu, na hadubini ya kawaida ya chuo inatosha kupima spora. Walio adimu ni wataalamu wa kuvu waliozaliwa na kusomea katika ukanda huu, wanaozungumza na wachumaji kwa lugha zao. Vyuo vya Rwanda, Burundi, Kongo, Uganda, Kenya na Tanzania vinapaswa kuwasomesha wengi zaidi na kuzipa hebaria zao bajeti ya kudumu.

Kwa msomaji wa kawaida, ushauri ni mmoja. Uyoga wa porini usioujua kwa hakika, au ambao hakuna mtu mwenye uzoefu wa uyoga huohuo aliyekuthibitishia, usiule, hata uwe mzuri na wenye harufu ya kuvutia namna gani. Ukimwona mtu ameula na anaumwa tumbo, mpeleke hospitali mara moja pamoja na mabaki ya uyoga huo, kwa sababu kuutambua mapema kunaweza kumwokoa.